Namba yangu ya simu na kile kipimo cha mimba

Niko Oakland, California, huu mwaka wa sita, na kitu ambacho sijakizoea mpaka leo ni vitu vya kawaida kuwekwa kufuli kwenye maduka ya dawa. Dawa ya meno, sabuni ya kufulia, maziwa ya kopo, vyote nyuma ya plastiki. Unabonyeza kitufe, spika inatangaza duka zima kwamba kuna mteja anasubiri, unabaki umesimama hapo kila anayepita anakuangalia.

Sasa siku hiyo nilifuata kipimo cha mimba. Mimi na mume wangu tunatafuta mtoto muda mrefu. Nimebonyeza, kimya, nikabonyeza tena, baada ya kama dakika kumi akaja kijana ana rundo la funguo anajaribu mmoja mmoja, nyuma yangu kuna baba anasubiri afunguliwe wembe, na kijana anauliza kwa sauti "cha pakiti mbili au tatu?" Halafu hanipi, anakibeba mwenyewe mpaka kaunta. Simlaumu, alikuwa peke yake na foleni inamsubiri.

Kaunta kuna bei mbili, ya kawaida na ya punguzo kwa aliyesajili namba yake ya simu dukani, tofauti kama dola nne hivi. Nikaingiza yangu kama siku zote.

Kipimo kikatoa mstari mmoja, yaani hakuna mimba. Wiki mbili baadaye zikaanza kuingia kuponi za nepi, mara maziwa ya kopo, mara krimu ya tumbo, karibu kila siku. Jamani niliumia. Ilifika mahali mume wangu anaamka kabla yangu anazifuta ili nisizione.

Najua mtaniambia kwani Bongo vitu si viko nyuma ya kaunta? Viko, tena na nondo. Ila kule Mbagala namnong'oneza dada wa duka la dawa, anakifunga kwenye karatasi ya kaki, nampa hela naondoka, haniulizi namba ya simu.

Nikaanza kusoma. Kumbe ile sheria ya siri za mgonjwa inalinda dawa za cheti, ila kitu ulichochukua kwenye shelfu kwa namba ya punguzo kwa kawaida hakimo. Na mambo haya yapo kweli, Februari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kuidai GoodRx, kampuni ya kuponi za dawa, faini ya dola milioni 1.5 kwa kuwapa kina Facebook na Google taarifa za afya za watumiaji wake. Ila California kuna sheria ya faragha imeanza kazi 1 Januari 2020, unaweza kuidai kampuni ikupe walichokusanya juu yako, ukawaambia wasiuze, ukawaambia wafute, na kwa ombi la nakala au la kufuta wana siku 45 za kukujibu, wakikuarifu wanaweza kujiongezea 45 nyingine.

Kiungo cha kuomba kiko chini kabisa ya tovuti ya lile duka, maandishi madogo. Nikajaza fomu nikaomba nakala kwanza, hili nawasisitizia sana, omba nakala kabla ya kufuta. Ilikuja kurasa na kurasa, miaka mitatu yote, tarehe, saa na dakika: pedi, dawa ya fangasi, foliki asidi, vipimo vyote nilivyowahi kununua. Na chini kuna sehemu ya makisio yao juu yangu, wameandika mama mtarajiwa.

Nililia pale mezani, halafu nikajaza fomu ya kufuta.

Siku hizi kaunta nasema bila namba, nalipa keshi, hizo dola nne ziende. Vipimo nanunua kwa mzee mmoja mwenye famasi ndogo karibu na kituo cha basi, kabati zake hazina kufuli. Jibu la kufuta lilifika siku ya 41, wamesema rekodi za malipo zinazotakiwa kisheria zinabaki, mengine yametoka. Nimeliprinti, liko kwenye faili moja na karatasi zetu za kliniki.