Kutoa protini za virusi vya homa ya ini B kwenye kipande cha ini: yaliyonifaa

Ini limejaa damu, mafuta na vimeng'enya vinavyokatakata protini, navyo huanza kazi mara tu kipande kikiyeyuka. Ndiyo maana nakata miligramu 50 kikiwa bado kigumu kwa baridi, nakisuuza kwa bafa ya fosfeti baridi hadi wekundu uishe, kisha nakisaga katika mikrolita 500 za RIPA (bafa yenye sabuni ya kupasua seli) iliyotiwa papo hapo vizuizi vya proteasi, yaani vya vimeng'enya hivyo. Nasaga sekunde 10 mara tatu, kichupa kikiwa ndani ya barafu, maana kisagio hutoa joto. Baada ya dakika 30 naweka kwenye sentrifuji, g 14,000, dakika 15, nyuzi 4. Juu huelea mafuta meupe. Pitisha ncha ya pipeti chini yake.

Asiyechanjwa asiguse sampuli hizi. Virusi hivi huweza kuambukiza hata baada ya siku 7 nje ya mwili.

Kila njia ya jeli, inayotenganisha protini kwa ukubwa, napakia mikrogramu 30 za protini. Protini ya kiini, HBc, yenye kilodaltoni 21 (kipimo cha uzito wa protini), huonekana vizuri kwenye jeli ya asilimia 15. Utando wa PVDF, ambao protini huhamishiwa kutoka kwenye jeli ili zitambuliwe kwa kingamwili, uwe wa matundu ya mikromita 0.2; wa 0.45 huachia protini ndogo zipenye.

Kazi kubwa iko kwa HBs, protini ya ganda la nje. Imefungamana kwa vifungo vingi vya salfa, kwa hiyo DTT (kemikali ya kukata vifungo hivyo) iliyokaa huiacha imegandamana juu kabisa ya jeli. Tumia mpya, milimola 100 kwa lita, nyuzi 95 kwa dakika 5, utaona mistari miwili: kilodaltoni 24 na 27. Wa 27 ni protini ileile iliyobeba sukari kwenye asparajini ya 146. Kuthibitisha, natia PNGase F, kimeng'enya cha kukata sukari hiyo, kwa saa moja, nyuzi 37, nikiwa nimetangulia kuongeza NP-40 (sabuni laini) asilimia 1, la sivyo SDS, sabuni kali iliyo kwenye sampuli, hukiua kimeng'enya. Mstari wa 27 ukitoweka na wa 24 ukakolea, ndiyo yenyewe.

Ukiinasa HBs kwa kingamwili ya panya, mnyororo mwepesi wa kingamwili hiyo, kilodaltoni 25, hukaa katikati ya mistari hiyo miwili na kuifunika. Itambue HBs kwenye utando kwa kingamwili ya sungura.

Streptavidini, protini inayonasa vitamini iitwayo biotini na hutumika kuonyesha kingamwili zilizobandikwa biotini, niliiacha kabisa: ini lina biotini yake, na mistari ya karibu 75 na 130 hujitokeza hata kwenye ini lisilo na virusi. Ini la namna hiyo liwe na njia yake kwenye kila jeli.