Sindano tu

"Kwani mwanangu, wewe si ulimchoma tu sindano akalala?"

Mke wa mzee niliyempa nusu kaputi kwa ajili ya upasuaji aliniambia hivyo pale koridoni, bila ubaya wowote, akitoka kumshukuru daktari wa upasuaji kwa mikono miwili. Nikacheka, nikasema, "Ndiyo, mama." Tangu hapo namjibu upya kila mahali: kwenye pantoni, nikiosha vyombo, hata Jumamosi tulipopeleka mahari ya kaka (imepokelewa, alhamdulillahi).

Sindano tu! Mzee mwenyewe alikuwa na uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo. Homoni ya ukuaji imemzidi ukubwani, taya limetangulia mbele, ulimi umejaa kinywa, pete ya ndoa ilibidi ikatwe. Mtu wa hivi barakoa ya hewa haimkai usoni. Ukimpa nusu kaputi kwanza ndipo uanze kutafuta njia ya hewa, unaweza ukaikosa. Kwa hiyo nilimpulizia ganzi kooni, nikapitisha mpira wa kupumulia kwa kamera mdomoni angali macho, nikimwambia vuta pumzi, baba, vuta tena. Mpira ulipokaa ndipo nikamlaza.

Na kuamka ni shughuli nyingine. Wapasuaji wamepitia puani kuufikia uvimbe, kwa hiyo pua imezibwa, anapumua kwa mdomo uliojaa ulimi. Barakoa ya kusukuma hewa huthubutu, hewa isije ikapanda kwenye fuvu. Nilimkalisha, nikangoja afumbue macho na anibane mkono, ndipo nikautoa mpira.

Haya yote nilikuwa nimeyapanga nimwambie mama.

Jana nikamkuta kando ya kitanda. Kabla sijafungua mdomo akauliza, "Usiku nani anamsikiliza?"

"Anamsikilizaje, mama?"

"Anakoroma, halafu kimya. Kimya kikizidi namsukuma ubavuni, anavuta. Tangu kitinda mimba yuko darasa la pili."

Kitinda mimba sasa yuko chuo.

Nikamwonyesha kibanio cha kupimia oksijeni ya damu. Kidole cha mzee kilikuwa kinene mno, tukakibana sikioni. Nikamweleza kuwa oksijeni ikishuka mashine inapiga kelele, nesi anakuja. Akakitazama kwa muda.

"Kumbe hicho ndicho mimi."

Tulicheka mpaka nesi akatugeukia. Mkojo wa mzee bado tunaupima kila saa, maana tezi ikiguswa mtu anaweza kukojoa ndoo nzima, lakini mpaka sasa salama.

Mama mkwe anafika Ijumaa. Fundi wa paa hapokei simu, na chumba cha wageni ndicho kinachovuja.