Corolla ya mjomba haiwaki: betri mpya, stata nyingine, na waya mmoja wa ethi

Gari la ndugu haliji na ubovu tu, linakuja na majibu yake kabisa. Corolla AE110 ya mjomba, injini 5A-FE ya cc 1498, gia za mkono, ilikuwa imeshafungwa betri mpya ya NS60 na stata ya mtumba, na kijiwe cha jirani kilikuwa kimeshaamua kwamba kontroo boksi (kompyuta ya injini) imeungua. Ukizungusha ufunguo unasikia "tak" moja, basi. Mara chache injini inazunguka kivivu mizunguko miwili mitatu, halafu kimya.

Kabla ya kugusa spana nilimwomba mjomba vitu viwili: anitajie kilichobadilishwa, kipi kilianza na kipi kilifuata, na anitafutie vipuri vilivyotolewa. Hilo la kwanza linasaidia kuliko watu wanavyodhani. Tatizo lililokuwepo kabla ya fundi kugusa gari na tatizo lililozaliwa baada yake ni vitu viwili tofauti, na mwenye gari huyasimulia yote kama kitu kimoja. Mjomba alikuwa na msimamo wake: "Betri usiihangaikie mwanangu, ni mpya, risiti hii hapa." Mzee humbishii. Unaweka mita, namba inasema.

Betri hupimwa mara mbili. Kwanza ikiwa imetulia: washa taa kubwa kwa dakika moja hivi ili kuondoa chaji ya juujuu, zima, subiri kidogo, pima. Volti 12.6 imejaa, 12.4 imebaki kama robo tatu, 12.0 imekaribia kuisha. Hii ilisoma 12.5. Pili, na hapa ndipo wengi hawafiki, pima mtu akiwa anapiga stata. Chomoa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli kwa umeme) ya ampea 15 ili injini isiwake wala isimwage petroli, weka gia huru, vuta hendibreki, ncha za mita ziguse nguzo zenyewe za risasi, siyo vichwa vya waya. Stata isipigwe zaidi ya sekunde tano mfululizo, halafu uipumzishe.

Volti zikishuka chini ya 9.6, betri ni dhaifu au stata inakula umeme kupita kiasi. Hapa zilishuka hadi 11.4 tu, na stata haizunguki. Maana yake betri inao umeme, ila hauendi unakotakiwa. Stata inayofanya kazi ni lazima ivute betri chini. Isipovuta, kuna kizuizi njiani. Dalili ya pili ilikuwa wazi bila mita: taa kubwa zilibaki kali vilevile wakati wa ile "tak". Ingekuwa betri imechoka, zingefifia mpaka zikaribie kuzima.

Kizuizi hutafutwa kwa kupima volti zinazopotea kwenye waya. Mita iwe kwenye volti za DC. Upande wa chanya: ncha moja kwenye nguzo ya chanya ya betri, nyingine kwenye boliti nene ya stata, mtu apige stata. Ikizidi 0.5, waya au viungio vina shida. Ilisoma 0.2, nikaachana nao. Upande wa hasi: ncha moja nguzo ya hasi, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, kisicho na rangi wala grisi. Hapo panatakiwa pasizidi 0.3. Ilisoma 3.1. Volti zaidi ya tatu zinaishia njiani kabla ya kurudi kwenye betri, na stata inabakiwa na kama nane, ambazo zinatosha kuvuta swichi yake na kulia "tak" lakini hazitoshi kuzungusha injini ipasavyo.

Kuthibitisha hakuna gharama. Chukua waya mmoja wa kubusti, upande mmoja nguzo ya hasi, upande wa pili ndoano ya kunyanyulia injini. Piga stata. Injini ilizunguka kwa nguvu papo hapo, na mjomba akaitazama ile betri yake kwa jicho jingine.

Nyumba iko Raskazone, Tanga, hewa ya chumvi saa zote. Waya wa hasi wa gari hili, yaani ethi, unatoka betri, tawi jembamba linaenda bodi na tawi nene linaenda kwenye gia boksi. Lile nene kwa nje lilikuwa zima, plastiki haina hata mkwaruzo. Nilipolichana kwa kisu karibu na lagi (kichwa cha chuma cha kufungia waya) ya chini, shaba ilikuwa unga wa kijani, nyuzi chache tu ndizo zinashika. Waya wa hivi ukiupima omu (upinzani) kwa mita ya kawaida unaonekana mzima, kwa sababu mita inapitisha umeme kidogo mno, na nyuzi tatu zinautosha. Stata inataka ampea mia na zaidi. Ndiyo maana kupima omu kwenye waya za stata ni kupoteza muda.

Kuna ishara nyingine ya ethi mbovu ambayo watu huipuuza. Umeme ukikosa njia yake hutafuta nyingine, na mojawapo ni kebo ya chuma ya pedali ya mafuta. Ishike baada ya kupiga stata mara kadhaa. Ikiwa ya moto, hakuna haja ya ubishi.

Waya mpya niliutengeneza: shaba ya milimita za mraba 25, urefu wa sentimita 60, yaani uwe na ulegevu wa kutosha maana injini hucheza. Lagi zibanwe kwa kibanio chake. Kugongagonga kwa nyundo ni kuandaa ubovu wa mwakani. Kwenye bahari naongeza risasi ya kuchomelea mdomoni mwa lagi ili unyevu usipande ndani, halafu mpira wa kusinyaa kwa moto. Sehemu ya gia boksi nilipiga msasa mpaka chuma king'ae, nikakaza boliti kwanza, kisha ndipo nikapaka grisi juu. Tawi la bodi nalo nililibadilisha, waya wa milimita za mraba 6, kwani lilikuwa limekula umri uleule. Kwenye betri, hasi inatoka ya kwanza na kurudi ya mwisho, spana namba 10. Kipimo baada ya hapo: 0.1.

Sasa inazunguka vizuri lakini haiwaki. Inakohoa na kupiga baruti kwenye boksi la hewa. Hapa ndipo ndugu wote hukata tamaa, na wa kontroo boksi hurudi na hoja yao. Kontroo boksi ya Toyota hizi imefunga ethi zake kwenye injini, upande wa manifoldi ya kuingiza hewa. Injini ikielea volti tatu juu ya hasi ya betri kila stata inapopigwa, boksi nalo linachanganyikiwa. Kwa hiyo kabla ya kulihukumu, ethi iwe nzima kwanza, kumbukumbu ifutwe kwa kuchomoa fyuzi ya EFI walau sekunde 10, ndipo uulize. Fungua kile kiboksi kilichoandikwa DIAGNOSIS chini ya boneti, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya, weka swichi ON bila kuwasha, hesabu mimeto ya taa ya injini. Mmeto mmoja, kituo, kisha miwili ni 12: hakuna ishara ya mzunguko kutoka distribyuta (kigawa moto wa plagi). Mmoja na minne ni 14: ishara ya moto hairudi. Kumeta mfululizo bila kituo ni salama. Ilimeta mfululizo, ikiwa ni baada ya kupiga stata upya.

Pampu ya mafuta nayo ilikuwa imeshasingiziwa kwa sababu "hailii ukiweka ON". Toyota nyingi za kizazi hiki hazilizi pampu kwenye ON, inasubiri stata. Unganisha +B na FP kwenye kiboksi hichohicho, weka ON, shika mpira wa mafuta. Ilivuma, na mpira ukakaza.

Baruti kwenye boksi la hewa, moto upo, mafuta yapo: mtuhumiwa ni mpangilio wa waya za plagi. Ziliwahi kutolewa zote kwa pamoja "kuangalia plagi", mjomba alikumbuka nilipomuuliza. Namba zilizoandikwa kwenye kofia ya distribyuta zilikuwa zimefutika, hivyo nilianza upya. Silinda namba moja iko upande wa mkanda. Toa plagi yake, ziba tundu kwa kidole, zungusha puli ya krenki kwa soketi ya 19 kuelekea saa inakoenda mpaka hewa isukume kidole na alama ya puli ifike kwenye 0. Fungua kofia: rota, kile kipande kinachozunguka ndani, inaelekea kwenye mlango wa namba moja. Weka alama ya kalamu. Kisha, kofia ikiwa wazi na plagi zikiwa nje, endelea kuzungusha krenki taratibu uone rota inaelekea wapi, na kwa mwelekeo huo panga 1-3-4-2. Waya za silinda 3 na 4 zilikuwa zimebadilishana. Kwa macho huwezi kuligundua hilo, maana zinafikia milango yote miwili bila kuvutika.

Plagi zilikuwa zinanuka petroli. Mjomba ana desturi ya enzi za kabureta, anasukuma pedali kabla ya kuwasha. Kwenye EFI hilo halileti petroli. Iliyolowesha plagi ni stata zilizopigwa bila injini kuwaka. Nilizikausha, nikaacha fyuzi ya EFI nje na plagi nje, soketi ya distribyuta nimeichomoa, nikapiga stata sekunde chache silinda zitoe petroli. Plagi mpya yenye washa (pete ya kuzibia) huzungushwa kwa mkono mpaka iguse, kisha nusu mzunguko. Hizi zilizotumika, zikishagusa, kidogo tu. Ikawaka. Ilitoa moshi mweusi mwanzoni, ukaisha. Kipindi hicho usikubali watu wasukume gari lenye plagi zilizolowa: petroli isiyoungua inaenda kuunguia kwenye katalisti (kisafisha moshi cha ekzosi), ikaleta gharama nyingine.

Mwisho nilipima chaji injini ikiwaka na taa kubwa zikiwa ON: 14.2, ambayo imo ndani ya 13.8 hadi 14.5. Alteneta nayo ilikuwa kwenye orodha ya kununuliwa.

Stata ya zamani tuliitoa kwenye gunia. Niliibana kwenye vaisi, waya wa kubusti wa hasi kwenye mwili wake, wa chanya kwenye boliti ya betri, kisha waya mwembamba kutoka chanya kugusa pini ndogo ya swichi. Ilirusha pinioni (gia yake ndogo) na kuzunguka kwa kasi. Ilikuwa nzima siku zote. Mjomba alinyamaza, akauliza kama ile ya mtumba inaweza kurudishwa. Fundi aliyeifunga ni rafiki yake wa siku nyingi, hivyo sikutia neno; nilimwandikia kwenye karatasi 3.1 na 0.1, na ncha za mita ziliwekwa wapi, aende nayo mwenyewe. Boliti ya ethi kwenye gia boksi nilimwambia aikaze tena baada ya mwezi, maana lagi mpya ya shaba hutulia na kulegea kidogo, na apime tena kwa njia ileile.