Hilo si penzi, jamani

Wapenzi wa riwaya, kuna kitabu kimenikaa rohoni na lazima niseme. Jalada lina bibie wa gauni la hariri, bwana kamshika kiuno. Maelezo ya nyuma yanaahidi dansi, barua za siri na penzi la kufa na kuzikana. Hadithi ni ya Uingereza, mwaka 1815, vita vya Waterloo ndiyo kwanza vimekwisha. Nikakianza kwenye feri ya Likoni huku natabasamu.

Kufika katikati, yule bwana anamfungia mkewe chumbani, anazichoma barua za mamake mojamoja mbele ya macho yake, na usiku anamwingilia kwa nguvu. Na bado mwandishi anamwita mpenzi! Ukurasa unaofuata wanacheka bustanini. Nilikifunga mikono ikinitetemeka.

Najua historia haikuwa tamu. Zama hizo, mwanamke wa Kiingereza akiolewa, kisheria mali yake kwa kawaida ilikuwa ya mume, hadi sheria ya mwaka 1882 ilipompa haki ya kumiliki chake. Basi andika ukatili huo, nitausoma hata kwa machozi. Lakini uite ukatili. (Na wachapishaji, tuwekeeni onyo japo mstari mmoja.)

Kinachoniuma zaidi, mwishoni binti ndiye anayeomba radhi, nasi wasomaji tunatakiwa tufurahi. Mimi sikufurahi. Shoga yangu wa Kisauni alikuwa anakingoja akiazime. Nimemsimulia yote kwanza, aamue mwenyewe.