Kwa nini hakuomba hata nipunguze?

Leo siku ya sita tangu niuze ile pikipiki ya Honda na bado kuna neno moja limenikwama kooni kama mwiba wa perege. Neno lenyewe ni "sawa". Ndo hilo tu, wala sio tusi.

Mliokuwepo tangu mwanzo mnaijua vizuri, CG125 ya volti 6 niliyoitoa kwenye banda la kuku la yule mzee wa Kilakala kwa laki tatu na nusu, tangi limetoboka chini, siti imeliwa na panya, mpaka Mama Dulla akaniuliza ivi umenunua pikipiki au umenunua banda. Miaka miwili ya Jumamosi hiyo. Honda ya Kihonda, huku kwetu Morogoro, majirani walishachoka kunitania.

Sasa Jumamosi iliyopita kaja kijana toka Dar. Kashuka kwenye boda pale getini, begi mgongoni, helmeti mkononi. Yani mtu kaja na helmeti yake kabisa na mimi sikushtuka! Akaniamkia shikamoo (hilo nalo tuliache), akaizunguka mara mbili, akachuchumaa, akaweka kiganja kwenye silinda kama anampima mtoto homa, akauliza, "Hii bado ni pushirodi?" Yani valvu zinasukumwa na vijiti toka chini. Hapo nikalewa sifa. Nikaanza lekcha, nikamwambia hii injini Honda waliitoa miaka ya sabini wakiwafikiria watu wa nchi kama zetu, tunaobeba mzigo kupita kiasi na kusahau kumwaga oili, ndo maana kemu, ile inayofungua valvu, wameishusha chini inazungushwa na gia, hakuna cheni ya kulegea kule juu, na Mchina alivyoona hivyo akaikopi, kwa hiyo boda kibao unazoziona hapo Msamvu injini zake ni wajukuu wa hii. Ndo maana sikuhangaika na vipuri vya Japani. Pistoni, ringi, sahani za klachi, vyote nimechukua maduka ya boda. Sio kila kitu kinaingiliana, gesketi ya kichwa nilirudisha mara mbili mpaka muuzaji akawa akiniona anajifanya yuko kwenye simu, ila vingi vinakubali.

Nikamwonyesha na ya kwangu niliyoongeza. Mkia wa fremu nimeukata, siti ya mtu mmoja imeshonwa na yule fundi makochi, usukani nimeushusha, platini za kuwashia plagi nimetoa nimeweka CDI ya umeme, koili za Kichina, sasa ni volti 12 na taa haisinzii tena ukisimama kwenye mataa. Mwanangu Dulla akaitwa asome namba ya chesisi pale shingoni tulinganishe na kadi, akasoma, ikawa imetimia.

Alafu ndo pakawa hapa. Naandika neno kwa neno, hesabu ni za milioni.

"Kaka, mwisho ngapi?"

"Tatu na nusu."

"Sawa."

Basi. Akafungua begi.

Mniambie jamani, nani ananunua pikipiki hivyo? Mi nilikuwa nimejipanga. Ningesema tatu na nusu, angeguna, angesema mbili na nusu, mi ningecheka kwa uchungu na kumwonyesha daftari la matumizi, Mama Dulla angetokea na chai (nilishampanga tangu asubuhi), tungeongea habari za Dar, angepanda mbili na nane, ningeshuka kidogo, tungekutana tatu na kila mtu angeona kaonewa kidogo. Ndo biashara hiyo. Badala yake chai imetoka jikoni hela zimeshahesabiwa.

Tangu hapo nimeichambua hiyo sawa kama Mwarabu anavyochambua tende. Haikuwa ile saawaa ya kuvuta, ya mtu anayeumia. Haikuwa na "haya" mbele yake. Ilikuja kabla sijafunga mdomo, kama alikuwa ameishika mkononi, maana yake alikuja na hesabu kubwa zaidi na mi nikamwokolea. Angelipa nne? Nne na nusu? Daftari linasema nimetumia 2,640,000 pamoja na bei ya kununulia, faida 860,000, ukigawa kwa Jumamosi mia hivi unapata kama elfu nane na mia sita kwa siku. Mbeba zege ananicheka.

Fundi Chogo nilipomsimulia hakuinua hata kichwa, alikuwa ameshika plagi ya mtu, akasema, "Mnunuzi asipobishana ujue umeuza kuku kwa bei ya mayai."

Mama Dulla yeye kaniuliza jikoni, "Kwani ulitaka akatae?"

"Ndiyo. Kidogo."

"Ulitaka akatae kidogo."

"Ndiyo."

Akaendelea kukuna nazi.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo, Jumatatu mkuu mpya wa shule karipoti, Jumanne Zuhura kajifungua mapacha Dodoma wote wazima alhamdulillahi, nitayaandika siku nyingine. Mi Jumatano nasahihisha karatasi za kidato cha pili, swali la springi na uzito, mtoto kapatia vizuri, badala ya vema nimejikuta nimemwandikia "sawa" pembeni kwa wino mwekundu, nikabaki naliangalia lile neno mpaka mwalimu wa Kemia akaniuliza kama najisikia vibaya.

Sasa jana usiku saa mbili simu inaita, namba ya yule kijana. Moyo ukashuka. Nikajua imeshakufa, anataka hela yake. Na niseme ukweli, kuna upande mdogo ulifurahi, kwamba haya sasa, leo ndo tutabishana.

"Shikamoo kaka. Imezima. Nipo Kimara hapa, mvua."

"Imekata ghafla au imekohoa kwanza?"

"Imekohoa."

"Mafuta?"

"Yapo, nikiitikisa nasikia."

Nikapumua. Koki ya mafuta! Ile koki si yake, ya asili sikuipata, niliyofunga imebidi iangalie ndani kwa hiyo huioni, unaishika kwa kupapasa tu, na Jumamosi hela zilivyonichanganya sikumwambia habari ya rizevu, yale mafuta ya akiba ambayo hayashuki mpaka ugeuze koki. Nikamwambia peleka mkono wa kushoto chini ya tangi kwa nyuma, utakuta kidude kama sikio la mbuzi. Akapapasa, nasikia mvua na daladala zinapita na mtu anapiga honi. "Nimelipata sikio." Geuza liangalie juu. Subiri kidogo, kabureta ijae. Piga kiki, usiguse eksileta. Ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu ikashika.

Jamani niliisikia. Kwenye simu, kwenye mvua, kilomita karibu mia na themanini, nikasikia na kale kamlio ka tapeti ya eksozi, tik tik tik, ambako Chogo alitaka kukamaliza na mi nikamkatalia, maana tapeti ukiibana sana valvu inaungua. Nilikuwa nimesimama uani na kandambili moja, sijui ya pili ilibaki wapi. Na jamaa ameitumia wiki nzima, kazini na kurudi, hakuiweka sebuleni kama nilivyokuwa nahofia.

"Kaka, nikikwama tena nitakupigia, eti?"

Nikasema sawa, hata hajamaliza.

Kile nilichopanga kumuuliza sikumuuliza.

Ila usingizi haukuja hata hivyo. Nimerudia ile Jumamosi mara nyingi mno kichwani, na jana kitandani nikairudia tena, safari hii nikaona kitu nilichokuwa nakiruka kila mara, Dulla alivyosoma ile namba ya chesisi. Pua ilikuwa inagusa chuma. Nilidhani anajifanya fundi, tukacheka. Na ile nane kwanza aliisema tatu, yule kijana ndo akamsahihisha. Alafu nikakumbuka anavyokaa na runinga, na daftari lake la darasa la nne, herufi kubwa hizo kama za mabango. Na mimi ndo mwalimu, kila muhula naandikia wazazi mpelekeni mtoto akapimwe macho.

Jumatatu ndo ningempeleka, lakini nina vipindi viwili asubuhi, na huyu mkuu mpya hata wiki moja hajamaliza, sijui nitaanzia wapi kumwomba ruhusa.