Chokoleti ya kinu

Jana usiku nimejitengenezea madonge ya chokoleti, hamna maziwa wala mayai. Nilikaanga karanga vikombe 2, nikapepeta maganda, nikazisaga hadi zikatoa mafuta. Nikatia tende 12, kakao ya Kyela vijiko 3, unga wa soya uliokaangwa na chumvi kiduchu. Kosa langu: tende sikuziloweka. Blenda ikanguruma, ikaanza kunuka kuungua, nikaishia kutwanga kwenye kinu saa tano usiku. Jirani akagonga ukuta, samahani jamani!

Nikaviringisha kwenye ufuta, nikaweka kwenye friji nusu saa. Karanga gramu 100 zina protini kama gramu 25, basi madonge mawili baada ya mazoezi yananitosha. Mdogo wangu, yule asiyekula bila nyama, kala saba.