Sanduku la bati chini ya meza ya kukatia: kumbukumbu ya mradi wangu wa vitabu

Tarehe 8 mwezi wa 3, 2025

Leo sanduku limefunguliwa. Ni lile la bati nililokwenda nalo bweni nikiwa msichana. Sasa linakaa chini ya meza ya kukatia, hapa kwenye ateliye yangu ya kushona, komini (sehemu ya mji) iitwayo Kenya, Lubumbashi, Kongo. Ndani mna vitabu 23. Mteja akija kuchukua nguo yake, na nyumbani ana watoto, anaondoka na kitabu kimoja kwa wiki mbili. Halipi chochote. Ninachomwomba ni kwamba akirudi aketi kidogo anisimulie: nani alisoma, nani alisikiliza, walicheka wapi, na mtoto alianza kupiga miayo ukurasa gani.

Wazo lilitoka kwa wateja wenyewe. Umeme ukikatika mashine zinasimama, nami nikawa namsomea mwanangu wa mwisho pale mlangoni penye mwanga. Kina mama wanaosubiri nguo wakawa wanasikiliza, na swali likawa lile lile: "Mama, mi niwasomee batoto kitabu gani?" Mwanzoni nilitaja jina la kitabu, basi. Baadaye nikaona jina peke yake halimsaidii mtu. Nyumba moja anayesoma ni baba, na anasoma Kifaransa. Nyumba ya pili anayesoma vizuri ni nkambo, mama yake baba au mama yake mama, aliyejifunza kwa Biblia ya Kiswahili kanisani. Ya tatu ni msichana wa miaka 12 anayewasomea wadogo zake huku chungu cha sombe, majani ya muhogo, kiko motoni. Kitabu kimoja hakiingii nyumba zote tatu kwa mlango mmoja.

Kwa hiyo kila kitabu kina kikaratasi kilichobanwa kwa pini kwenye jalada, kwa mwandiko wangu: kinamfaa msomaji gani, kwa lugha gani, pa kupumzika ni wapi, neno gani litawakwamisha watoto. Sheria yangu ni moja. Siandiki kikaratasi kabla sijakisoma kitabu kwa sauti mbele ya watu wanne au zaidi, wakubwa kwa wadogo.

Tarehe 22 mwezi wa 3

Kwa sheria hiyo, vitabu 23 vimebaki 14. Vingi vilivyoanguka ni vya Kifaransa nilivyonunua vikiwa vimeshatumika, vya theluji na misitu ya baridi. Picha ni nzuri, lakini kufika ukurasa wa tatu nilikuwa naeleza theluji badala ya kusoma. Kimoja hakina kurasa nne za katikati, aliyeniuzia hakusema.

Tarehe 5 mwezi wa 4

Hii naiandika kwa kirefu kwa sababu imebadilisha kazi yangu yote.

Vitabu vya watoto vya Kiswahili ni vigumu kuvipata hapa mjini. Nilikopata ni kwenye hazina ya African Storybook, mradi wa shirika la Saide la Afrika Kusini: hadithi fupi za picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na leseni yake inamruhusu mtu yeyote kupakua, kuchapa na kugawa bila kulipa. India nako kuna StoryWeaver ya Pratham Books, iliyofunguliwa 2015, yenye utaratibu kama huo. Nikachapa hadithi moja ya bibi na mjukuu wake, nikaisoma mlangoni mbele ya watoto sita. Sentensi ya pili tu, msichana mmoja akanyanyua mkono.

"Bibi ya nani?"

Sikumwelewa, nikaendelea kusoma. Akauliza tena: "Na bwana yake iko wapi?"

Hapo ndipo nilipong'amua. Kwetu Lubumbashi bibi ni mke. Mama yake mama, au mama yake baba, ni nkambo. Mtoto alikuwa anamtafuta mume ambaye hatajwi, na pichani anaona mwanamke mwenye mvi amemshika mtoto mkono. Hadithi nzima ilimpotea kwa neno moja, na kosa halikuwa lake wala la mwandishi. Kiswahili cha kitabuni kimetoka mbali, na mimi ndiye niliyetakiwa kukipokea mlangoni.

Jioni niliandika kikaratasi cha kwanza cha aina mpya:

"Usomaji wa kwanza: bibi, sema nkambo. Ugali, sema bukari. Shule, sema masomo. Gari, sema motoka. Usomaji wa pili: soma kama kilivyoandikwa, usibadilishe kitu."

Mwalimu mmoja mstaafu, mteja wangu wa suruali, hakupenda. Alisema kitabu kisomwe kilivyo, watoto watazoea. Namheshimu sana mzee huyu, na tulijadiliana hadi chai ikapoa. Mimi nasema mtoto akikosa hadithi mara ya kwanza hakuna mara ya pili. Aipate kwanza hadithi kwa maneno ya kwao. Kisha maneno ya kitabu yatakuja yakiwa yamebebwa na watu anaowajua tayari. Wiki mbili baadaye yule msichana alimfundisha mdogo wake mbele yangu, bila mtu kumwambia: "Kwa kitabu ni bibi, kwetu ni nkambo." Mzee alikuwepo. Ameazima kitabu hicho hicho kwa wajukuu zake.

Tarehe 26 mwezi wa 4

Kushona vitabu. Ushonaji ninaujua, lakini mpangilio wa kurasa ulinisumbua siku tatu. Kitabu cha kurasa 16 ni karatasi nne zilizokunjwa katikati, na ukurasa wa 1 unakaa upande mmoja na wa 16, wa 2 na wa 15, wa 3 na wa 14, hivyo hivyo hadi wa 8 na wa 9. Njia ya kujikagua ni hii: kila jozi ukiijumlisha lazima ipatikane 17. Seti ya kwanza kijana wa mashine ya fotokopi aligeuza karatasi upande usio wake, kurasa za nyuma zote zikatoka miguu juu. Sasa natoa kwanza karatasi moja tu, naikunja palepale dukani, naikagua, ndipo nasema aendelee.

Kuunganisha natumia sindano ya jinzi na uzi wa nailoni, matundu matatu kwenye mkunjo. Naanza tundu la kati kutoka ndani, naingia la juu, natokea la chini, namalizia kati kwa fundo. Pini za ofisi zinashika kutu masika na zinachana karatasi. Uzi haunipi shida hiyo. Jalada nalivika kipande cha kitenge kilichobaki mezani, kimegandishwa kwa uji wa unga wa muhogo. Watoto wanachagua kitabu kwa kitenge chake, na mimi naona ni sababu nzuri kama nyingine yoyote.

Tarehe 17 mwezi wa 5

Wazazi wengi huomba hadithi "za kutia moyo". Nimeshazisoma kadhaa mwezi huu, na nimefikia msimamo. Zile ambazo mtoto mwema anashauriwa, anatii, kisha mtu mzima anafunga kwa mahubiri, zinarudi siku ya tatu, safi, hazina hata alama ya kidole. Zile ambazo mtoto anafanya kitu kwa mikono yake zinachelewa. Kitabu kikichelewa kurudi nafurahi.

Kilichochelewa kuliko vyote si cha kubuni. Ni kisa cha William Kamkwamba wa Malawi, kilichochapishwa kwanza 2009 na kisha kikafanywa kitabu cha picha cha watoto. Aliacha masomo kwa kukosa karo wakati wa njaa ya 2001 na 2002, akawa anakwenda maktaba ndogo ya kijijini, na kwa kuangalia vitabu vya huko akajenga kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na vyuma vya kuokota, taa zikawaka nyumbani kwao. Nakala yetu ni ya Kiingereza. Aliyetusomea ni mama mmoja aliyekulia Kitwe, ng'ambo ya mpaka, akitafsiri palepale sentensi kwa sentensi. Watoto wa mji unaokatikiwa umeme walisikiliza bila kutikisika. Mvulana mmoja alikuwa na swali moja tu: "Ni kweli?" Alipoambiwa ni kweli, na kwamba mtu huyo yuko hai, aliomba kurudishwa kwenye picha ya baiskeli.

Kikaratasi chake: "Kisomwe usiku mbili. Usiku wa kwanza simama pale njaa inapoanza. Usiwaache watoto walale juu ya njaa bila kuwaambia kesho kuna taa."

Tarehe 31 mwezi wa 5

Ngũgĩ wa Thiong'o amefariki tarehe 28. Wakubwa wanamjua kwa riwaya zake. Hapa ateliye tunamjua kwa kisa chake cha watoto kuhusu kwa nini binadamu anatembea wima. Alikiandika kwa Kikikuyu, jarida la Jalada likakitoa 2016 pamoja na tafsiri zake, na leo kiko katika lugha zaidi ya 100, Kiswahili kimo. Mikono inashindana na miguu, viungo vingine ni watazamaji. Nilikisoma leo, na kabla sijafika katikati watoto wanne walikuwa wanatembea kwa mikono uani, wakipangusa vumbi na kuanguka. Nkambo wa jirani, aliyekuja kushonewa mfuko tu, alikaa hadi mwisho kisha akaanza kusimulia kisa cha tumbo na viungo alichosikia kwa mama yake huko kijijini. Nilizima mashine. Hilo ndilo ninalolitaka kwa kitabu: kimfungue kinywa mtu mzima.

Tarehe 12 mwezi wa 7

Mzigo kutoka Dar es Salaam umefika! Mume wa dada mmoja wa kwaya yetu ni dereva wa lori. Amepita Tunduma, Zambia yote, akakaa foleni ya mpakani Kasumbalesa siku tano, vitabu 11 vikiwa vimefungwa kwa plastiki nyuma ya kiti chake. Nimemshonea shati la kitenge, amekataa malipo mengine.

Katika hivyo 11 kimo Mwana Mdogo wa Mfalme, kilichotolewa na Mkuki na Nyota, tafsiri ya kile kitabu cha Saint-Exupéry cha 1943 ambacho wengi wetu tulikisoma shuleni kwa Kifaransa. Nilikuwa na nakala ya Kifaransa tayari, kwa hiyo vinatoka pamoja, viwili ndani ya mfuko mmoja. Familia ya kwanza ilifanya hivi: baba anasoma ukurasa kwa Kifaransa, nkambo anausoma ule ule kwa Kiswahili, watoto wanasikiliza nani amekosea. Baba aliniambia ni mara ya kwanza tangu awe mkubwa kusoma kitu na mama yake.

Ule mchoro wa mwanzo, wa chatu aliyemeza tembo, niliuonyesha watu ateliye kabla ya kusoma. Kitabuni watu wazima wanasema ni kofia. Hapa hakuna hata mmoja aliyesema kofia. Watoto kwa wakubwa, wote: kichuguu. Na kweli, ukitoka mjini kidogo tu unaviona vichuguu vya Katanga virefu kuliko nyumba, umbo ni lile lile. Nimeandika kwenye kikaratasi: "Uliza kwanza wanaona nini. Usiwape jibu."

Tarehe 2 mwezi wa 8

Likizo, sanduku linakaa karibu tupu. Vinavyotoka zaidi sasa ni viwili vya picha, vyote vya Kifaransa. Cha kwanza ni Prince de la rue cha Mkongo mwenzetu Dominique Mwankumi. Si kipya, ila hapa kwetu ndiyo kwanza kinafika. Kinamhusu mtoto wa barabarani Kinshasa anayetengeneza vichezeo vya waya. Wavulana wa mtaa wetu wanatengeneza motoka za waya vilevile, na mmoja alikaa na ukurasa mmoja dakika nyingi akihesabu mikunjo ya waya kwenye magurudumu. Cha pili ni Akissi, cha Marguerite Abouet, msichana mtundu wa Abidjan mwenye tumbili anayeitwa Boubou. Kwa Akissi nawaambia wazazi wazi: hiki hakifundishi adabu, kasome mwenyewe kwanza. Mama mmoja alikirudisha siku hiyo hiyo, na ni haki yake. Wengine saba wamekisoma kikapita mkono kwa mkono ndani ya lupango zima, nyumba zote za ua mmoja.

Tarehe 30 mwezi wa 8

Keshokutwa masomo yanafunguliwa. Nimehesabu: vitabu 38 sandukuni, baadhi nimevishona mwenyewe, viwili vimepotea, kimoja kimelowa. Nina karatasi za kutosha nakala kumi za kile kisa cha nkambo cha tumbo na viungo. Nimekiandika alivyokisimulia, naye amekisikiliza na kunisahihisha mara mbili. Mwanangu mkubwa anachora.

Akissi imerudi leo, imechelewa siku tisa, ina doa la mafuta ya mawese kwenye jalada. Aliyeileta ni yule msichana wa miaka 12 anayesoma huku anapika. Juu ya kikaratasi changu alikuwa amebana chake, kwa pini ya nywele (yaya kwetu ni dada au kaka mkubwa):

"Kisomwe na yaya, mama akiwa hajarudi. Somea wadogo ukurasa mbili, kisha koroga chungu. Boubou mumwigize sauti."

Nimeondoa pini ya nywele nikamrudishia, nikakibana kikaratasi chake kwa pini yangu, juu ya kile cha kwangu.